Mtoto njiti wodini: monita inasema 89, mara 94, mara 99. Hizi namba zina maana gani?

Baba_Njiti

Wakuu habari za jioni. Naombeni wenye uelewa mnisaidie maana kichwa kimejaa. Mama watoto kajifungua kabla ya wakati, wiki ya 30, mtoto wa kiume kilo 1.3, namshukuru Mungu yupo hai, yupo wodi ya watoto wachanga hapa Dar na anasaidiwa oksijeni kwa mirija ya puani. Mguuni kafungwa kitu kama plasta chenye taa nyekundu, waya wake unaenda kwenye monita, sasa mimi nikiruhusiwa kuingia macho yote yanakuwa kwenye ile namba, inapanda inashuka, 89, 94, 86, alamu inalia, nesi anakuja anamwangalia mtoto anaizima anaondoka, mimi huku jasho linanitoka.

Jana ikafika 99 nikafurahi nikasema asante Mungu dogo kakaa sawa, mara nesi kaja KAPUNGUZA oksijeni. Nikauliza kulikoni, akasema ikiwa juu hivyo sio nzuri kwake. Kivipi? Oksijeni si ndio uhai?

Halafu mengine: kuna wakati wanahamisha kile kitaa kutoka mguuni wanaweka mkono wa kulia, kwa nini? Daktari akipita anambonyeza kifuani kwa kidole anaachia anaangalia, ndio kipimo gani hicho? Na shemeji yangu yuko Ulaya anasema huko watoto kama hawa wanawekewa kifaa kwenye paji la uso kinapima oksijeni ya ubongo. Je tunakosa kitu muhimu, nihangaike kumhamisha mtoto? Naombeni majibu ya kueleweka, sio ya kunitia hofu.

---

Sista_wa_Zamu

Hongera kwa mtoto kaka, na pole kwa presha unayopitia. Mimi ni nesi, nipo wodi za vichanga muda mrefu, ngoja nianze na hili la kupunguza oksijeni maana ndio swali wazazi wengi wanaloondoka nalo moyoni bila kuuliza, wanahisi mtoto wao kanyimwa.

Ile namba inaonyesha ni asilimia ngapi ya himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayosafirisha oksijeni, imebeba oksijeni. Mwisho wake ni 100, haiwezi kuonyesha zaidi ya hapo. Mtoto anayevuta hewa ya kawaida kama mimi na wewe akisoma 98 au hata 100 hakuna shida yoyote. Lakini mtoto anayepewa oksijeni ya ziada akisoma 99 au 100, hapo huwezi kujua kama oksijeni iliyomo kwenye damu imetosha au imezidi mara mbili ya anayohitaji, namba imeshagonga dari haisogei tena wakati oksijeni yenyewe inaendelea kuongezeka. Na kwa njiti ikizidi inaenda kuharibu macho. Mishipa ya damu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa mtoto wa wiki 30 haijamaliza kukua, oksijeni nyingi inaizuia kukua vizuri, baadaye inachipua ovyo ovyo na inaweza kuvuta retina ikabanduka, mtoto akawa kipofu moja kwa moja. Miaka ya 1940 na 1950 huko Marekani na Ulaya maelfu ya watoto walipofuka hivi, walikuwa wanawekwa kwenye inkubeta wanamwagiwa oksijeni bila kipimo kwa nia njema kabisa. Yule mwanamuziki Stevie Wonder unayemsikia alizaliwa njiti 1950, macho yake yalienda kwa tatizo hili hili.

Walipogundua wakabana oksijeni sana, ikawa shida upande wa pili, macho yakapona ila watoto wakafa zaidi. Ndio maana leo hatutafuti namba kubwa, tunatafuta namba iliyo katikati. Kuna tafiti kubwa zilifanyika nchi kadhaa kwa watoto waliozaliwa chini ya wiki 28, zikaunganishwa matokeo yake 2018, watoto karibu 5,000, kundi moja linawekwa 85 mpaka 89 na jingine 91 mpaka 95. Kundi la chini walipata shida ya macho kidogo kuliko wenzao LAKINI walikufa wengi zaidi na utumbo ukaoza kwa wengi zaidi. Kwa hiyo hospitali nyingi sasa zinalenga 90 mpaka 95 kwa njiti aliye kwenye oksijeni. Huyo nesi aliyepunguza ilipofika 99 alikuwa analinda macho ya mwanao. Mwambie asante.

Mkono wa kulia na mguu: mtoto akiwa tumboni kuna mshipa unaunganisha mshipa mkubwa wa mapafu na ule mkubwa unaotoa damu kwenye moyo kwenda mwilini. Akizaliwa unatakiwa ufunge, kwa njiti unachelewa. Damu ya mkono wa kulia inachepuka kabla ya kufika kwenye huo mshipa, ya mguuni inapita baada yake. Kwa hiyo mkono ukisoma 96 na mguu 88, kuna damu isiyo na oksijeni inachepukia chini, hapo daktari anaanza kufikiria presha ya mapafu au moyo wenye kasoro. Kipimo hiki hiki ndio wenzetu wanakitumia kwa kila mtoto kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani kutafuta magonjwa makubwa ya moyo, Marekani kiliingizwa kwenye orodha ya vipimo vya kichanga 2011. Pia inawezekana wanahamisha tu kupumzisha ngozi, probu, yaani kile kitaa, ikikaa sehemu moja masaa mengi inachubua, ngozi ya njiti ni laini mno, kwa hiyo kila baada ya masaa matatu manne tunaibadilisha.

Kubonyeza kifua ni kupima mzunguko wa damu. Unabonyeza sekunde 5, pakiwa peupe unaachia, unahesabu rangi inarudi baada ya sekunde ngapi. Ikizidi 3 damu haifiki vizuri kwenye ngozi, inaweza kuwa baridi, maji yamepungua, maambukizi, au moyo umechoka. Usikidharau eti kwa sababu ni kidole. Mimi nikiingia zamu kabla sijaangalia monita yoyote nagusa miguu ya mtoto kama ni ya moto au ya baridi, naangalia rangi ya ulimi, naangalia kifua kinavyopanda, ndipo nasoma namba. Mtoto mwenye 95 miguu ya baridi, amelegea, rangi imekuwa na mabaka mabaka, huyo namwita daktari haraka kuliko mwenye 88 anayerusha mateke.

---

Fundi_Vifaa_Nakuru

Pole sana bro. Sista amemaliza upande wa mgonjwa, wacha mimi niongee upande wa mashine maana ndio kazi yangu, natengeneza vifaa vya hospitali huku Nakuru.

Kile kitaa kina taa mbili sio moja. Moja nyekundu hiyo unaona, ya pili ni infraredi jicho haliioni. Upande wa pili wa mguu kuna kitu kinapokea mwanga uliopita. Damu yenye oksijeni inanyonya zaidi infraredi, damu isiyo na oksijeni inanyonya zaidi nyekundu, mashine inalinganisha. Lakini mguu una ngozi, mfupa, nyama, vyote vinanyonya mwanga, utajuaje ya damu ni ipi? Hapo ndio akili ya Takuo Aoyagi, injinia wa Japani aliyekuwa kampuni ya Nihon Kohden, ikaingia. Alikuwa anajaribu kupima kitu kingine kabisa, kiasi cha damu moyo unachosukuma, kwa kuingiza rangi kwenye damu na kuangalia kwa mwanga sikioni, na mapigo ya mshipa yakawa yanamharibia kipimo. Akaona hayo mapigo yenyewe ndio dawa, kwa sababu kinachodunda ni damu ya ateri peke yake, ile mishipa inayotoa damu kwenye moyo kwenda mwilini, vingine vyote vimetulia. Ilikuwa 1974. Kabla ya hapo mara nyingi kujua oksijeni ya damu ilibidi udunge mshipa uchukue damu. Hebu fikiria mtoto wa kilo 1.3, damu yake yote mwilini ni kama mililita 110, nusu kikombe cha chai haijai, kila unapochota mililita moja unachota kitu kikubwa kwake.

Sasa kwa sababu mashine inategemea mdundo, mdundo ukipotea namba inakuwa uongo. Mtoto akirusha mguu, mashine inadhani ule mtikisiko ni mapigo. Miguu ikiwa baridi mishipa inabana, mdundo unakuwa hafifu. Akiwa chini ya zile taa za bluu za kutibu ugonjwa wa manjano, mwanga unaingia kwa kando, ndio maana unaona probu imefunikwa na kitambaa. Plasta ikibana sana inazuia damu, ikilegea mwanga unavuja. Kwa hiyo ukiona 86 angalia kwanza lile wimbi linalotembea kwenye skrini, kama linapanda na kushuka vizuri kwa mpangilio, na mapigo ya moyo yanayosomwa yanalingana na yale nesi anayohesabu kwa stethoskopu, basi 86 ni ya kweli. Wimbi likiwa limekatikakatika kama mwandiko wa mtoto wa chekechea, usiamini hiyo namba, itengeneze probu kwanza.

Monita zingine zina namba ndogo pembeni imeandikwa PI. Hiyo inalinganisha mwanga unaodunda na ule usiodunda, yaani inaonyesha damu inapita kiasi gani hapo probu ilipo. Thamani moja peke yake haikuambii sana, ila ikianza kushuka na kushuka kwa mtoto yule yule, mguu ule ule, mzunguko unaanza kufifia. Watu wengi hawaiangalii kabisa na iko hapo bure.

Kitu kimoja naona kinafaa kusemwa kwa sauti kwa sababu kinatuhusu sisi. Hizi mashine zinasoma juu kidogo kwa ngozi nyeusi. Utafiti uliochapishwa 2020 Marekani kwa watu wazima ulionyesha kati ya wagonjwa ambao mashine ilisema wako 92 mpaka 96, waliokuwa chini ya 88 kwa kipimo halisi cha damu walikuwa asilimia 11.7 kwa weusi na 3.6 kwa weupe. Kwa vichanga pia tofauti ipo ingawa ndogo. Haimaanishi mashine ni mbovu. Inamaanisha namba iliyo ukingoni, 89 au 90 hivi, isichukuliwe kirahisi kwa watoto wetu, na tunaponunua vifaa tuulize vilijaribiwa kwa ngozi za nani. Mimi nauliza hilo kwenye kila tenda ninayoitwa.

---

Mama_Doreen

Baba Njiti pole, na mimi wangu alizaliwa wiki ya 29, sasa hivi anakimbia anavunja vyombo. Nakuongezea mawili tu ambayo mimi niliambiwa yamesaidia sana.

La kwanza macho. Uliza SASA HIVI lini anakaguliwa retina, usisubiri kuambiwa. Kwa aliyezaliwa wiki ya 30 inakuwa kama wiki ya nne baada ya kuzaliwa, muda ambao wengi wanakuwa wameshatoka wodini au wako kwenye hekaheka za kutoka, na hapo ndipo watu wanapotea. Ikionekana mapema inatibika kwa leza au sindano, ikichelewa ndio basi.

La pili kangaroo. Mama akae na mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, waya wa monita hauzuii chochote, mirija ya oksijeni pia haizuii, nesi atakuonyesha namna ya kupitisha. Wangu kila nikimweka kifuani namba ilikuwa inatulia na kupumua kunakuwa kwa mpangilio, mpaka manesi walikuwa wananiita. Na kuna utafiti ulifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, ukatoka 2021, watoto wa kilo 1 mpaka 1.8 walioanzishiwa kangaroo mapema kabla hata hawajatulia vifo vilipungua kwa robo ukilinganisha na walioanza baada ya kutulia. Na wewe baba pia unaweza, usikae tu kukodolea skrini, vua shati umkumbatie mwanao.

---

Mtanga_Copenhagen

Salaam wakuu. Mimi ni nesi wa njiti huku Denmark, kwetu Tanga, nimeona swali la paji la uso nikasema hili niliseme mimi.

Shemeji yako hajakosea, kifaa kipo na tunakitumia. Kinatumia infraredi pia ila hakitegemei mdundo. Mwanga unapenya ngozi na fuvu, na fuvu la kichanga ni jembamba, unafika kwenye ubongo na kurudi. Mtu wa kwanza kuonyesha inawezekana ni Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, 1977. Tofauti na ya mguuni ni kwamba ile ya mguuni inakuambia oksijeni iliyoondoka na damu kwenye ateri, hii ya kichwani inasoma damu yote iliyo ndani ya tishu na sehemu kubwa yake ni ya vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, yaani damu ambayo ubongo umeshachukua chake. Ukiweka namba mbili pamoja unajua ubongo umetumia kiasi gani. Mfano mguu au mkono unasoma 95 na kichwa 70, ubongo umechukua kama asilimia 26 ya kilicholetwa, vizuri tu. Mkono ukibaki 95 ile ile na kichwa kikashuka mpaka 50, sasa ubongo unachukua karibu asilimia 47, unakomba kila kinachofika. Monita ya kawaida hapo imetulia haina habari, 95 inang'aa, kumbe tatizo ni damu inayofika kidogo, au presha imeshuka, au damu yenyewe imepungua, au mashine ya kupumulia inamtoa kabonidayoksaidi nyingi mno mpaka mishipa ya ubongo inabana.

Hii ndio sehemu ninayoipenda kwenye kazi yangu, kuona mtoto anavyotumia oksijeni na sio tu anavyoipokea, bila sindano hata moja. Nilishaona kichwa kinashuka taratibu huku kila kitu kingine kinaonekana sawa, daktari akapima himoglobini akakuta imeshuka sana, mtoto akaongezewa damu na ile namba ikapanda ndani ya masaa.

LAKINI, na hapa naomba unisikie vizuri kaka. Kulikuwa na utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka hapa hapa Copenhagen, unaitwa SafeBoosC-III, watoto 1,601 wa chini ya wiki 28, hospitali 70, nchi 17, matokeo yalitoka 2023. Nusu waliwekewa hiki kifaa kwa siku tatu za mwanzo na madaktari wakafuata utaratibu wa kurekebisha kikishuka, nusu nyingine hawakuwekewa. Waliokufa au kuumia ubongo vibaya walikuwa asilimia 35.2 kwa wenye kifaa na 34.0 kwa wasio nacho. Hakuna faida iliyoonekana. Kujua namba ni jambo moja, kujua ufanye nini nayo ili mtoto apone ni jingine, na huko bado hatujafika. Watafiti wanaendelea na mimi nina imani itafika mahali pake, ila leo hii hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa haki kwamba mwanao wa wiki 30 anapata hasara kwa kukosa kile kifaa. Kumtoa njiti wodini, kumsafirisha, apate baridi njiani na oksijeni ya kubahatisha, hatari ya hilo ni kubwa na inajulikana. Muache hapo alipo. Una probu inayofanya kazi, oksijeni, nesi anayegusa miguu na mama mwenye kifua. Hivyo ndivyo vinavyookoa njiti hata huku kwetu.

---

Baba_Njiti

Aisee asanteni sana wote, nimesoma mara mbili nikamsomea na mama watoto. Leo nimeangalia lile wimbi kama Fundi alivyosema, ilisoma 84 na wimbi limevurugika, kumbe dogo anarusha mguu, akatulia ikarudi 93. Kangaroo mama ameanza. Ya macho tumeuliza, tumepewa tarehe.

Swali la mwisho, akiruhusiwa ninunue kile kipimo cha kubana kidole cha kwenye maduka ya dawa niwe nampima nyumbani? Kuna na soksi za mtandaoni zinaunganishwa na simu.

---

Sista_wa_Zamu

Cha kubana kidole hapana, kimetengenezwa kwa kidole cha mtu mzima, kwa kichanga mwanga unapita pembeni na kitakupa namba za ajabu usiku wa manane. Soksi za simu, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hakishauri wazazi kuzitegemea kuzuia kifo cha ghafla cha kichanga, na nimeona wazazi wanaacha kumwangalia mtoto wanaangalia simu. Kama daktari ataona mtoto anahitaji oksijeni au kupimwa nyumbani atakupangia na kifaa cha saizi yake.

Badala ya vifaa hivyo, nyumbani hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima, sio nusu ukazidisha mara mbili, kwa sababu kichanga anapumua haraka, anasimama kidogo, anaendelea. Ikifika 60 au zaidi rudia kuhesabu, ikiwa bado hivyo mlete. Mlete pia kifua kikiwa kinabonyea ndani anapovuta, akiacha kunyonya, akipata degedege, akiwa wa baridi au wa moto, akilegea mpaka hajisogezi bila kuguswa. Ulimi ukiwa wa bluu usihesabu chochote, chukua bodaboda au bajaji au chochote uje.

Na jiko la mkaa lisiingie chumba anacholala, hata kama ni msimu wa baridi na umeambiwa njiti anatakiwa joto. Ule moshi usioonekana unashika himoglobini mahali pa oksijeni, na mashine zetu hizi za kawaida haziwezi kutofautisha, zitasoma 98 huku mtoto anakosa hewa. Joto lake ni kifua cha mama, kofia na soksi. Tarehe ya macho iandikwe kwenye kadi ya kliniki pamoja na jina la hospitali mtakayoenda, maana sio kila wilaya ina mtaalamu wa kukagua retina ya kichanga, na mkikuta hayupo siku hiyo msirudi nyumbani mpaka mmepewa siku nyingine ya karibu.